MRI ya Kiungo cha Taya: Kutoka Mahali pa Kisahani hadi Chanzo cha Maumivu

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio. Ndani yake, kati ya mfupa wa taya la chini na fuvu, hukaa kisahani chembamba chenye nyuzi ambacho huteleza pamoja na mfupa kinywa kinapofunguka. Kisahani hicho kikihama mahali pake, kiungo huweza kualika, au kinywa kikashindwa kufunguka kikamilifu.

Eksirei huonyesha mfupa, lakini haionyeshi kisahani. Tangu miaka ya 1980, kipimo cha MRI kimewawezesha madaktari kukiona bila kutumia mionzi ya eksirei. Mgonjwa hupigwa picha kinywa kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa wazi, ili ijulikane iwapo kisahani hurejea mahali pake.

Hata hivyo, watafiti walipowapima watu wasio na maumivu wala dalili yoyote, walibaini kuwa takriban mmoja kati ya kila watatu ana kisahani kilichohama. Kwa hiyo, kuhama kwa kisahani peke yake si ugonjwa, wala si sababu ya kufanyiwa upasuaji. Matokeo hayo yamegeuza mwelekeo wa utafiti. Leo huchunguzwa pia majimaji ndani ya kiungo, uvimbe wa utando wake na mabadiliko ya uboho, ili kutambua ni yapi kati ya hayo yanayoambatana na maumivu. Wengine wanaifunza akili mnemba kukitambua kisahani pichani.

Faida ya kipimo hiki huonekana wazi kwa watoto wenye baridi yabisi. Kiungo cha taya chaweza kuwaka uvimbe bila mtoto kulalamika, huku ukuaji wa taya ukidumaa. MRI huweza kuufichua uvimbe huo kabla mfupa haujaliwa.

Vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2014 vinaanza na maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mikono ya daktari. MRI huthibitisha hali ya kisahani pale inapohitajika. Kabla ya kipimo, mgonjwa aeleze iwapo ana kifaa cha moyo au chuma mwilini. Naye mhudumu wa afya ajiulize kwanza: je, majibu ya picha hii yatabadili matibabu?