Kinywaji cha Asubuhi cha Ulezi, Ubuyu na Karanga

Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi ya kutengeneza kinywaji cha asubuhi ambacho sisi wanafunzi wa Klabu ya Sayansi tumekuwa tukikitengeneza kila Jumamosi tangu muhula uliopita, na sababu za kukiona kuwa chafaa kuliko chai ya rangi na andazi. Sikukivumbua mimi. Nusu yake ni uji wa bibi yangu, mzaliwa wa Shinyanga, na nusu nyingine ni mambo tuliyofundishwa darasani katika Baiolojia na Kemia.

Jambo lililotufanya tuanze ni hili. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alianguka mstarini asubuhi. Alipelekwa zahanati, akapimwa, nao wakamwambia kwamba hana malaria wala minyoo, bali damu yake ni pungufu. Alipoulizwa hula nini asubuhi alijibu kwamba uji haupendi, na kwa hiyo hunywa chai iliyokolea, tena vikombe viwili. Muuguzi akampa vidonge vya madini ya chuma, akamwambia aache kunywa chai pamoja na chakula. Sisi tuliomsindikiza tulishangaa. Chai na damu vina uhusiano gani?

Tulimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akatueleza. Damu huwa nyekundu kwa sababu ya himoglobini, na himoglobini haiwezi kutengenezwa pasipo madini ya chuma. Chuma kilichomo katika nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Lakini kile kilichomo katika nafaka, maharage na mboga za majani ni kigumu kupokelewa na utumbo, kwa kuwa kimefungwa na kitu kiitwacho fitati ambacho mmea hukiweka katika mbegu zake. Chai nayo ina tanini, ambayo hukishika chuma hicho na kukizuia zaidi. Basi mtu aweza kula chakula chenye chuma, akanywa chai juu yake, na sehemu kubwa ya chuma ile ikapita tumboni bila faida.

Wala jambo hili si la mwenzetu peke yake. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Katika darasa lenye wasichana 40, hesabu hiyo yaweza kuwa wasichana 18. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo hapa shuleni, maana hatujapimwa. Lakini hesabu yenyewe yatosha kumfanya mtu atazame upya kikombe chake.

Kitu kinachoweza kulifungua lile fundo la chuma ni vitamini C. Waliosoma Kemia watakumbuka kwamba chuma kina hali mbili, chenye chaji tatu na chenye chaji mbili. Vitamini C hukigeuza kile cha chaji tatu kuwa cha chaji mbili, na hicho ndicho utumbo hukipokea. Lakini ni sharti viliwe pamoja, kwa mlo mmoja. Chungwa la jioni haliwezi kuusaidia uji wa asubuhi.

Hapo ndipo ubuyu unapoingia. Wengi wetu tunaujua ubuyu kama kitu cha kumung'unya njiani, ule mwekundu uliopakwa rangi na sukari. Huo siuzungumzii. Nasema juu ya ubuyu mweupe, kama ulivyotoka ndani ya tunda la mbuyu, mti ambao Wasukuma huuita ng'wandu. Unga wake una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito ule ule, na una kalisi pia. Mwaka 2008 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliruhusu unga huo uuzwe kwao kama chakula kipya, na mwaka 2009 Marekani nayo ikauruhusu. Tangu wakati huo wafanyabiashara wa huko huutia katika vikopo vidogo na kuusifu kwamba ni chakula kipitacho vyakula vyote. Bibi yangu nilipomsomea habari hiyo alicheka sana, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kipya kwa nani?"

Mimi siamini kwamba kuna chakula kimoja kipitacho vyote. Ubuyu mtupu hauna chuma cha kutosha. Una ufunguo, lakini hauna sanduku. Kwa hiyo tulitafuta vitu vya kuuchanganya nao.

Cha kwanza ni ulezi. Katika gramu 100 za ulezi mna kalisi zaidi ya miligramu 300, nayo mahindi hayafikii hata kidogo, hasa sembe iliyokobolewa ikaondolewa kiini na pumba. Ulezi una chuma pia. Kasoro yake ni kwamba una fitati na tanini zake, na uji wake huwa mzito upesi. Ukitaka uji unaonyweka huna budi kutia maji mengi na unga kidogo, na hapo mnywaji hushiba maji.

Dawa ya kasoro hizo ni kimea. Wazee wetu wanakijua kimea kwa ajili ya togwa, na wengine kwa ajili ya vinywaji ambavyo havifai kutajwa katika gazeti la shule. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja wanga iwe sukari, na fitati nayo hupungua. Ukitia kijiko kimoja cha unga wa kimea katika uji mzito, uji hulegea mbele ya macho yako kama umeongezewa maji, na hali hukuongeza tone. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walidhani ni kiini macho.

Kutengeneza kimea ni kazi ya siku nne au tano. Osha ulezi, uloweke usiku mmoja, umwage maji, kisha uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili, ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Machipukizi yakitokeza, uanike juani mpaka ukauke kabisa, uupukute vijizizi, kisha uusage. Ukiona ukungu au ukinusa uvundo, tupa wote. Watu wengine hutumia mtama, lakini machipukizi ya mtama huwa na sumu ya sayanidi, na mtu asiyejua kuyaondoa vizuri heri atumie ulezi.

Cha tatu ni karanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na karibu robo ni protini. Kwa hiyo anayezila hahisi njaa kabla ya saa nne. Nchi hii ina historia ya ajabu na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kuzilima kwa matrekta huko Kongwa, Nachingwea na Urambo ili wapate mafuta, wakatumia mamilioni ya pauni, na kufikia mwaka 1951 wakauacha, maana mvua na udongo viliwashinda. Huku kwetu akina mama huzilima kwa jembe la mkono kila mwaka, na sokoni hazikosekani.

Sasa nitaeleza namna ya kutengeneza. Vipimo hivi vyatosha watu wanne. Chukua vikombe vinne vya maji, vijiko vya chakula vinane vya unga wa ulezi, kijiko kimoja cha kimea, konzi mbili za karanga, ndizi mbivu mbili kubwa au kisukari nne, na vijiko vinne vilivyojaa vya ubuyu usio na mbegu.

Kaanga karanga kwa moto mdogo, umenye maganda, uzitwange kinuni mpaka zitoe mafuta na kuwa laini. Pika uji wa ulezi mzito kwa vikombe vitatu vya maji. Ukiiva, utue chini uache upoe kidogo, mpaka uweze kuvumilia kuweka mkono ubavuni mwa sufuria kwa muda mfupi. Hapo ndipo utie kimea na kukoroga. Ukikitia uji ukiwa unachemka, vimeng'enya hufa na uji haulegei. Subiri kama dakika kumi, kisha tia karanga, rudisha sufuria motoni, chemsha tena kidogo, maana kimea kibichi chaweza kuwa na vijidudu.

Uji ukiwa unapoa, ponda ndizi kwa mwiko mpaka zisiwe na madonge. Huko Marekani mwaka 1937 kiongozi mmoja wa bendi ya muziki, jina lake Fred Waring, alianza kuuza mashine ya kusagia vinywaji, na blenda za leo ni za ukoo huo. Mijini vijana huitumia kutengeneza kile waitacho smuthi. Aliye nayo na aitumie. Asiye nayo ana kinu, na kinu hakikatikiwi umeme.

Kikombe cha nne cha maji ni cha ubuyu. Kichemshe mapema, ukiache kipoe, kisha vuruga ubuyu ndani yake na uchuje. Usitumie maji ya bomba au ya ziwani yasiyochemshwa, kwa kuwa sehemu hii haitapita tena motoni. Uji ukiwa vuguvugu, changanya vyote, yaani uji, ndizi na maji ya ubuyu, na kukoroga kwa nguvu. Ubuyu usitiwe katika uji wa moto hata kidogo, maana vitamini C huharibiwa na moto, na hapo utabaki na ukali mtupu. Kosa hili ndilo nililoona likifanywa na watu wengi.

Mananasi ya Geita yakiwa msimu twatia vipande vichache badala ya nusu ya ubuyu, na nadhani ladha yake ni bora zaidi. Bibi yangu hutumia ukwaju, ambao kwa Kisukuma ni bushishi. Uji wa ukwaju ni mtamu, lakini vitamini C yake ni kidogo, kwa hiyo hauwezi kushika nafasi ya ubuyu. Mwenzetu mmoja alileta wazo la kutia unga wa dagaa. Kwa sayansi alikuwa na haki kabisa, maana dagaa wana chuma kizuri. Lakini dagaa na ndizi katika kikombe kimoja! Hakuna aliyemaliza. Dagaa tukawarudisha mlo wa mchana.

Wazazi wataniwia radhi nikitaja hatari tatu. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizo chungu zisitumiwe, hata kama bei yake ni rahisi. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya namna hiyo iliyokuwa katika mahindi. Pili, anayependa utamu aweza kutia asali, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Ya tatu ni ya kwetu hasa, tunaoishi karibu na machimbo. Kaka yangu ni mchimbaji mdogo. Huamka saa kumi, hunywa chai kavu, akashuka shimoni mpaka adhuhuri. Mama alimfungia unga wa ulezi na karanga aupike kambini. Tulipomtembelea nikaona kwamba sufuria waliyotaka kupikia ilikuwa imetumiwa kuoshea mchanga wa dhahabu uliochanganywa na zebaki. Zebaki ni sumu ya neva na figo, tena haionekani ikiganda katika chombo. Sufuria, beseni, kinu au kijiko chochote kilichogusa kazi ya dhahabu kisirudi jikoni, hata kikisuguliwa kwa majivu mara saba. Mama alinunua sufuria mpya, akaipiga rangi nyekundu kwenye mkono wake ili isichanganywe na nyingine.

Nimeulizwa kama kinywaji hiki kimemponya yule mwenzetu. Yeye sasa ni mzima, naye anakimbia mita 800 kwa niaba ya bweni lake. Lakini alimeza vidonge kwa miezi mitatu, na sisi hatuna kipimo cha damu. Siwezi kusema kipi kilifanya kazi na kwa kiasi gani. Kinywaji hiki si dawa. Mwenye malaria, minyoo au kichocho, maradhi yanayopunguza damu na yaliyo mengi kandokando ya ziwa letu, sharti aende hospitali. Ninachoweza kusema ni kwamba chai twainywa saa nne, peke yake, wala hakuna aliyeikosa sana.

Kinywaji kikishatengenezwa kinywewe asubuhi ile ile. Ikifika adhuhuri huanza kuchacha. Gharama kwa mtu mmoja haikuzidi bei ya soda, na ulezi tulilima wenyewe nyuma ya maabara. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Kimea kilichobaki kimo katika kopo la bati kwenye kabati la klabu, na mbegu za ulezi zimefungwa katika mfuko wa kitambaa kando yake. Atakayetaka na amwone mwenyekiti mpya wa klabu, aliye Kidato cha Tatu, kabla mvua hazijaanza.