Kiraka Kisichotoka: Jinsi ya Kuokoa Suruali kwa Cherehani ya Nyumbani

Kila skuli zinapokaribia kufunguliwa, wazazi huku kwetu Pwani huanza kukagua sare za watoto, na aghalabu kinachoharibika mwanzo ni suruali. Imetoboka magotini, au makalioni. Mtoto mwenye tundu nyuma hukaa kitako kipindi kizima. Mwalimu akiuliza, jibu analo lakini hasimami. Ndiyo maana nasema kiraka si jambo la kudharau, hasa katika nyumba ambayo cherehani ipo, imefunikwa leso tu pembeni.

Nimekuwa nikishona nyumbani kwa miaka mingi. Suruali nyingi ninazoletewa zilishatiwa kiraka, kikatoka. Sababu karibu kila mara ni moja: kilishonewa kwenye ukingo wa tundu. Tundu haliji ghafla. Kitambaa hulika kwanza, nyuzi zikawa nyembamba, ndipo katikati pakapasuka. Kwa hivyo na pale pembeni mwa tundu pameshachoka. Ukishona hapo unatoboa kitambaa kisicho na nguvu, na kikifuliwa mara chache kiraka hung'oka na ukingo wake.

Basi kabla ya kushika mkasi, iinue suruali uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mahali mwanga unapopenya. Chora kwa chaki duara la kupazunguka hapo pote, kisha ongeza upana wa vidole viwili kila upande. Hicho ndicho kipimo cha kiraka chako, hata kama tundu lenyewe ni dogo kama shilingi.

Kitambaa cha kiraka kiwe na uzito sawa na suruali. Kikiwa kigumu mno, kitaichana suruali. Kwa sare, usihangaike kutafuta rangi dukani. Chukua suruali ya zamani ya kaka yake, ukate nyuma ya mguu chini ya goti, mahali ambapo kitambaa hakichakai upesi. Ukitumia kitambaa kipya cha pamba, kifue na ukipige pasi kwanza, kwani kikipungua baada ya kushonwa kitaikunja suruali. Pembe za kiraka zikate mviringo. Pembe kali ndizo huanza kuinuka. Nyuzi za kiraka nazo zilale upande mmoja na nyuzi za suruali.

Goti ndilo huwashinda wengi, kwa sababu mguu wa suruali ni mwembamba na hauingii vizuri kwenye cherehani. Dawa yake ni kufumua. Suruali ina mshono wa ndani na wa nje. Chagua ule usio na mishono miwili ya juu, ufumue kiasi cha shubiri moja na nusu, goti likae wazi kama kitambaa cha mezani. Ukimaliza kutia kiraka, rudisha mshono palepale. Kwa tundu la makalioni lililo karibu na mshono wa katikati, fumua mshono huo, tia kiraka kila upande peke yake, kisha ufunge.

Sasa weka kiraka kwa ndani, upige pasi, halafu upige bandi kwa mkono ili kisihame. Kadeti ya kawaida yatosha sindano namba 14. Jinzi inataka namba 16. Uzi wa polista ni madhubuti kuliko wa pamba. Geuza suruali, ushone ukiwa upande wa nje: kwanza zunguka kiraka chote, ukipita kwenye kitambaa kizima. Kisha piga mistari ya kwenda na kurudi juu ya tundu, ikiachana kama nusu sentimita. Cherehani ya zamani isiyorudi nyuma haikuzuii. Ukifika mwisho wa mstari, acha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza suruali, endelea. Na mistari hiyo isiishie sawasawa; mmoja uwe mrefu, mwingine mfupi, ili mvuto usikusanyike mahali pamoja. Nyuzi ndefu zinazoning'inia kwenye tundu zikate, lakini usilipanue.

Mwisho, fumua bandi na upige pasi pande zote mbili. Kama rangi ya uzi imeoana na suruali, anayepita njiani hatakiona.

Kuna watakaosema, kwa nini nijisumbue na suruali ya mtumba nitaipata Kongowea? Nguo za kuvaa mitaani, sawa. Sare ni habari nyingine, rangi yake ni ya skuli hiyo tu. Fundi naye tusimlaumu akikataa kazi ya kiraka. Kufumua na kurudisha kunamla muda, na malipo yake ni madogo. Kwetu nyumbani, kazi yote haizidi saa moja.

Ushauri wangu ni kuwa ile suruali inayopenyeza mwanga lakini haijatoboka, itie kiraka leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mtoto mwenyewe, awe wa kiume au wa kike, aketi karibu aone unavyofanya. Wa mwaka ujao atautia yeye.