Mwalimu wa Lugha na Walimu Wenziwe

Mwalimu wa hesabu akikosea jawabu, mwanafunzi mwerevu aweza kumwonyesha papo hapo. Lakini mwalimu wa Kiswahili ambaye, kwa athari ya lugha ya kwao, husema "kula" akikusudia "kura", au "samani" akikusudia "thamani", hana sikio la kujisikia, na wanafunzi wake, ambao aghalabu wamelelewa katika lugha ile ile, hawana la kumkosoa. Anayeweza kumfaa ni mwalimu mwenziwe aliyekulia pengine, akiingia darasani mwake, akaketi, akasikiliza.

Taabu ni kwamba mgeni wa darasani, tangu enzi za mkaguzi hata leo za mthibiti ubora wa shule, huogopwa, na mwenye kuogopa husomesha somo la kuonyesha, si somo lake la kila siku. Wajapani, ambao ada yao ya kuchunguza masomo pamoja yatoka zama za Meiji, katika karne ya 19, waliitatua shida hii kwa namna ninayoistahi mno. Walimu hukaa wakatunga somo moja kwa shauri la wote; mmoja wao hulisomesha, na wengine huwepo darasani na madaftari yao, macho yao yakiwaelekea wanafunzi: nani amefahamu, nani amenyamaza, swali gani limewapoteza njia. Kisha hujadiliana, wakalirekebisha, na pengine mwingine akalisomesha upya katika darasa jingine. Na madhali somo ni la wote, lawama haina pa kumwangukia mtu mmoja.

Tanzania sasa ina mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowataka walimu wakutane shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza, badala ya kutegemea semina za mbali ambazo huhudhuriwa na wachache, na wengi wakaambulia masimulizi. Naupenda mpango huu kwa dhati, nami nahofu jambo moja tu, kwamba vikao vigeuke kuwa vya kujaza fomu.

Kwa walimu wa lugha ningependa vikao vianze na insha. Ichukuliwe insha moja ya mwanafunzi, jina lake limefichwa, kila mwalimu aisahihishe faraghani, kisha alama ziwekwe mezani. Hapo itadhihiri kwamba mmoja huhesabu makosa ya tahajia, wa pili hutafuta mtiririko wa fikra, wa tatu huvutwa na methali hata zisipoafiki maudhui. Nao watalazimika kuulizana, kwa adabu na insafu, ni kitu gani hasa wanachomfunza mtoto aandike.

Mazungumzo ya namna hiyo hayawezi kufanywa Jumamosi na watu waliochoka, wenye marundo ya madaftari yanayowangoja nyumbani. Laiti kila mkuu wa shule angeyatengea kipindi katika ratiba, ndani ya saa za kazi, na kukilinda kama anavyovilinda vipindi vya darasani.