Joto Lililojificha Kwenye Plagi

Birika la umeme linachemsha maji kila asubuhi, fyuzi haijaungua, uniti haziishi haraka kuliko zamani. Lakini mguu mmoja wa plagi umebabuka na soketi inatoa harufu ya plastiki. Wengi hulilaumu birika, wakaenda kununua jingine. Hesabu fupi inatosha kuonyesha kwamba birika halina kosa.

Tuchukue birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230. Wati ukizigawa kwa volti unapata mkondo: ampea 8.7. Volti ukizigawa kwa ampea hizo unapata ukinzani wa koili, kama omu 26.

Mgawanyo huo wa pili tumeupata kwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Betri za wakati wake zilianza na nguvu kisha zikalegea, na vipimo vikawa vinayumba. Akaziacha. Aliunganisha shaba na bismathi, kiungo kimoja kikawa kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Halijoto zisizobadilika zikampa umeme uliotulia. Kwangu mimi, uamuzi huo una thamani sawa na kanuni yenyewe. Miaka ya 1840 ilipoanza, Mwingereza James Prescott Joule akaonyesha jambo linalotuhusu zaidi hapa: joto linalozaliwa kwenye waya kila sekunde hutokana na mkondo kuzidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani.

Sasa turudi kwenye plagi. Mkondo unaopita kwenye koili ndio ule ule unaopita kwenye miguu ya plagi na skrubu zake. Skrubu ikilegea, au vibano vya soketi vikichoka, mguso unakuwa hafifu. Tuseme hapo pamezaliwa ukinzani wa nusu omu tu. Mkondo unashuka kidogo hadi ampea 8.5. Zidisha 8.5 kwa 8.5, kisha kwa nusu: wati 36. Ndani ya birika, wati zaidi ya 1,900 zinapozwa na maji. Hizi 36 hazina maji wala upepo; zimebanwa ndani ya plastiki, na zinalingana na joto la chuma anachotumia fundi redio kuyeyushia risasi.

Tena hazitulii. Metali iliyopata moto hufanya utando wa oksidi, vibano hupoteza ukakamavu, ukinzani unapanda. Ukifika omu moja, joto linakaribia wati 70.

Na fyuzi? Fyuzi ya ampea 13 inalinda dhidi ya mkondo uliozidi. Hapa mkondo umepungua, kwa hiyo haina sababu ya kukatika hata plastiki ikianza kuyeyuka.

Fundi umeme mwenye mita hulikamata tatizo hili birika likiwa linachemsha: ncha moja upande huu wa kiungo, nyingine upande wa pili. Kiungo kizima husoma karibu sifuri. Akiona volti 4, azigawe kwa ampea 8.5; ni karibu nusu omu. Hapo abadilishe plagi na soketi kwa pamoja, kwa sababu vibano vilivyoungua vitaiharibu plagi mpya vile vile.