Lebo Inasema Hivi, Leseni Inasema Vile

Fungua faili ya leseni katika programu huria ya miaka ya tisini, ushuke hadi chini. Huenda ukaambiwa kwamba kama hukupata nakala ya leseni ya GPL, uandike barua kwa Free Software Foundation, 675 Mass Ave, Cambridge, Marekani. Usihangaike na stempu. Taasisi hiyo ilihama zamani, ikaenda 59 Temple Place, Boston. Mwaka 2005 ikahamia 51 Franklin Street. Mwaka 2024 ikafunga ofisi hiyo nayo. Anwani zote hizo bado zimetapakaa katika programu tunazotumia kila siku, na rpmlint, zana inayokagua vifurushi vya mfumo wa Fedora na ndugu zake, hulalamika kila inapokutana na zile za zamani.

Mgeni wa kazi ya kusafisha leseni husema: tafuta, futa, weka mpya, twende zetu. Fedora wenyewe hawataki hivyo. Huwaelekeza wanaofungasha programu wasiguse maandishi ya leseni, bali wampe taarifa mwenye mradi arekebishe kwa mkono wake. Anayefungasha ni mpagazi tu. Mzigo una mwenyewe.

Na mwenyewe huyo analindwa na sheria hata asiposema neno. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, sawa na kitabu. Kwa hiyo anayepakia msimbo wake kwenye intaneti bila faili ya leseni hajaugawa bure, ameuanika tu. Wenzake wanaweza kuusoma, lakini kuubadilisha na kuusambaza hawajaruhusiwa. Wengi hudhani ukimya ni ukarimu.

Uchafu mwingi zaidi umejificha kwenye lebo. Kwa miaka mingi vifurushi vya Python vilitambulishwa kwa maneno ya kuchagua kwenye orodha, na mojawapo ya machaguo hayo ni “BSD License”, basi. BSD ipi? Ipo yenye masharti mawili. Ipo yenye matatu, ambayo la tatu linakataza kutumia majina ya waandishi kupigia debe bidhaa yako bila idhini yao. Ipo pia ya kale yenye manne, iliyodai Chuo Kikuu cha California kitajwe kwenye matangazo ya bidhaa, sharti ambalo chuo kilifuta mwaka 1999. Mwaka 2024 jamii ya Python ilipitisha utaratibu wa PEP 639: lebo iandikwe kwa vifupisho vya SPDX, orodha sanifu ya majina ya leseni, kwa mfano BSD-3-Clause, na faili za leseni zitajwe ili ziingie ndani ya kifurushi.

Hilo la mwisho laonekana dogo, lakini kwangu ndilo kubwa. Leseni ya MIT inaomba kitu kimoja tu, kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa yaandamane na kila nakala. Sasa mradi una faili ya LICENSE, kifurushi kinajengwa, na faili inabaki nje kwa sababu hakuna aliyeitaja kwenye maelekezo ya ujenzi. Anayekisambaza kifurushi hicho anavunja sharti pekee aliloombwa, na wala hana habari.

Linux ilifika mbali zaidi. Novemba 2017 kiini chake kilipotoka katika toleo la 4.14, maelfu ya faili zilizokuwa hazina neno lolote la leseni zilikuwa zimeongezewa mstari mmoja wa SPDX juu kabisa. Skana zilitangulia, kisha Kate Stewart, Philippe Ombredanne na Thomas Gleixner wakakaa na lahajedwali kwa zaidi ya saa 70 wakipitia majibu, penye utata wakiwauliza mawakili. Saa 70, kwa mstari mmoja ambao kompyuta huuruka kama maoni.

Kuna leseni zisizosafishika. Douglas Crockford, aliyeipa dunia muundo wa data wa JSON, aliongeza katika leseni yake kwamba programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Nani atapinga? Mawakili, na mradi wa Debian pia, kwa kuwa programu huria haimbagui mtumiaji kwa kazi anayoifanyia, na hakuna mahakama inayojua mpaka wa uovu uko wapi. Mwaka 2016 wakfu wa Apache nao wakaipiga marufuku katika miradi yao. Crockford mwenyewe amesimulia jinsi IBM walivyomwandikia kuomba ruhusa. Akawaruhusu watende uovu, wao na wateja wao.

Kubadili leseni ndiko hasa kunakoonyesha mali ni ya nani. Programu ya kuchezea video ya VLC ilipohamisha injini yake, na baadaye moduli zake nyingi, kutoka GPL kwenda LGPL, iliyo legevu zaidi, mwaka 2011 na 2012, Jean-Baptiste Kempf alilazimika kuwasaka wachangiaji mmoja mmoja kuomba idhini yao, wengine wakiwa wameuacha mradi miaka mingi. Si kila moduli iliyohama. Ndiyo maana hazina ya VLC ina COPYING (ya GPL) na COPYING.LIB (ya LGPL) kwa pamoja, na msafishaji mwenye haraka anaweza kudhani moja imesahaulika, akaifuta.