Milimita Moja Kati ya Lenzi na Mlima

Msomaji wa Muheza ameniletea swali nililolipenda tangu mstari wa kwanza. Marehemu baba yake alisoma Moscow miaka ya 1970 na akarudi na kamera ya Zenit. Kamera yenyewe imeshakufa, shata haifyatuki tena, lakini lenzi yake, Helios-44-2 ya milimita 58, bado ni safi. Kijana akanunua adapta nyembamba, akaifunga lenzi hiyo kwenye kamera yake ya Nikon, ya aina ile yenye kioo ndani. Akimpiga mdogo wake aliyekaa mezani, nyusi zinahesabika moja moja. Akiigeuzia milima ya Usambara anapata ukungu mtupu, hata azungushe pete ya fokasi mpaka igome. Kilichomchanganya kabisa ni rafiki yake mwenye Canon. Aliiazima lenzi ile ile, akaifunga kwa adapta ya bei ile ile, milima ikatoka kali mpaka miti ya kileleni. Anauliza: kamera yangu ni mbovu?

Si mbovu, na lenzi ni nzima. Kinachomsumbua ni milimita moja, na habari za milimita hiyo ni miongoni mwa mambo matamu kabisa katika elimu ya mwanga. Mambo ya ISO, kasi ya shata na namba za uwazi nitayaruka, yameandikwa kila mahali.

Tuanzie nyuma ya lenzi. Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi ina pete ya chuma mahali lenzi inapokaa, na ndani yake, chini kabisa, kuna filamu au sensa ya kidijitali. Umbali kutoka kwenye ile pete hadi kwenye sensa haubadiliki. Kiwanda kimeupanga, na lenzi zote za mfumo huo zimetengenezwa kwa kuutegemea. Mafundi bomba wana neno flenji, ila nikiandika “umbali wa flenji” msomaji ataona mabomba. Nitauita kina cha mdomo, kwa sababu ukiivua lenzi kamera hubaki imeachama, na sensa iko mwisho wa koo.

Sasa tazama vina vyenyewe. Lenzi ya Zenit inafungwa kwa skrubu yenye kipenyo cha milimita 42, mfumo ulioingia sokoni mwaka 1949 na kamera ya Contax S ya Dresden, Ujerumani, kisha ukaigwa na viwanda vingi, vya Kijapani na vya Kisovieti. Kina chake ni milimita 45.46. Mdomo wa F wa Nikon, tangu ulipoanzishwa mwaka 1959, umebaki na kina cha milimita 46.5. Mdomo wa EF wa Canon, wa mwaka 1987, una milimita 44. Kwenye Canon, basi, kuna nafasi ya milimita 1.46 iliyo wazi, na pete ya unene huo huo huiziba barabara. Lenzi inajikuta mbali na sensa kwa kiasi kile kile ilichozoea kwenye Zenit. Kwenye Nikon hakuna nafasi ya kuziba. Mdomo umeshazidi kwa milimita 1.04 kabla adapta haijawekwa, na hakuna pete duniani yenye unene ulio chini ya sifuri.

Lakini milimita moja inawezaje kuumeza mlima mzima na kumwacha mtoto aliyekaa mezani? Hapa anaingia Isaac Newton. Wengi tulifundishwa shuleni kanuni ya lenzi yenye sehemu tatu na kugeuza namba juu chini. Ile ya Newton ni fupi zaidi na inaonyesha mengi zaidi. Lenzi ina nukta mbili za fokasi, moja mbele na moja nyuma. Pima umbali wa kitu kutoka kwenye nukta ya mbele. Pima umbali wa taswira yake kutoka kwenye nukta ya nyuma. Zidisha. Jibu ni lile lile siku zote: urefu wa fokasi ukizidishwa kwa wenyewe. Kwa Helios ya milimita 58, 58 mara 58 ni 3364.

Fikiria kiwanja cha mstatili ambacho hati yake inataja eneo peke yake: 3364. Vipimo vya pande unaruhusiwa kuvichezea utakavyo, mradi eneo lisipungue wala kuzidi. Upana wa kiwanja ni kiasi ambacho lenzi imesogea mbele kutoka pale ilipotakiwa kukaa ili ione mbali kabisa. Urefu ni umbali wa kitu kitakachotoka kali pichani. Ukiweka upana wa milimita 58, urefu nao ni 58, kiwanja ni mraba, na hapo siafu mwenye milimita 8 anachora taswira ya milimita 8 kwenye sensa. Ndiyo maana wapiga picha za wadudu huongeza pete nene nyuma ya lenzi. Punguza upana uwe 9, na urefu unakuwa takriban 374. Ukijumlisha na nafasi ya lenzi yenyewe unafika nusu mita, umbali mfupi kabisa ambao Helios inaweza kuufokasi. Bana upana uwe milimita 1, na kiwanja kinachomoka mpaka mita 3 na sentimita 36. Bana uwe sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya kawaida, na kinafika zaidi ya mita 33. Upana ukikaribia sifuri, urefu unapita mji, unapita milima, unapita mwezi, na mpaka wa mbali haupatikani tena. Ndiyo ile alama ya nane iliyolala mwishoni mwa pete.

Kijana wa Muheza ana kiwanja ambacho upana wake hauwezi kushuka chini ya milimita 1.04, kwa sababu ukuta umejengwa hapo. Gawanya 3364 kwa 1.04 na urefu unakomea kwenye mita 3.2. Adapta yake ikiongeza milimita moja ya unene wake yenyewe, unarudi mita 1.6. Mdogo wake mezani yumo ndani ya kiwanja. Usambara imeachwa nje.

Halafu kila lenzi ina hati yake. Lenzi pana ya milimita 28 ina eneo la 784 tu, na kwake kosa la milimita moja linaukata ulimwengu kwenye sentimita 78. Ya milimita 135 ina 18,225, kwa hiyo kosa lile lile linaiachia mita 18. Mwenye lenzi ya 135 angeweza kupiga harusi ukumbini mwaka mzima bila kujua kwamba adapta yake ina kasoro, na siku atakapofunga ya 28 ndipo atakapodhani lenzi hiyo ndiyo iliyoharibika.

Jambo hili linaonekana kwa macho bila hesabu yoyote. Shika Helios, zungusha pete kutoka mwisho wa mbali hadi mwisho wa karibu, uangalie kioo cha mbele kikichomoza. Safari nzima ni kama milimita 9. Milimita ya kwanza peke yake inashughulikia kila kitu kuanzia nyota hadi mita 3 na kitu. Nane zilizobaki zote zinatumika kutoka hapo hadi nusu mita. Soma namba zilizochongwa kwenye pete: za mbali zimebanana pembeni ya ile nane iliyolala, za karibu zimetawanyika kwa nafasi.

Mbona viwanda vilichimba midomo mirefu namna hiyo? Sababu ni kile kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpiga picha. Lazima kiinuke shata inapofyatuka, na kinahitaji nafasi ya kuinukia. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo hicho, na kina cha mdomo kikaporomoka hadi milimita 19.25. Sony ilifuata mwaka 2010 kwa milimita 18. Mwaka 2018 Nikon ilikuja na mdomo wa Z wenye milimita 16, na Canon na wa RF wenye 20. Ghafla, karibu lenzi yoyote iliyowahi kutengenezwa kwa kamera za filamu ya milimita 35 ikawa na pa kukaa. Helios kwenye Sony inahitaji bomba la milimita 27.46, na kwenye Nikon Z la 29.46. Ndani ya bomba hilo hamna kioo, hamna waya, hamna chochote. Kinachouzwa dukani ni hewa iliyopimwa.

Nayo hupimwa kwa ukali. Helios ikiwa wazi kabisa, kwenye namba 2, sensa inavumilia kosa la takriban sehemu sita za mia za milimita. Viwanda vya adapta vya bei nafuu vinalijua hilo, na vingi hukata bomba likawa fupi kidogo kwa makusudi, ili lenzi iweze kupita alama ya mbali badala ya kuishia kabla. Mlima unapatikana, ila namba za kwenye pete hazisemi kweli tena. Usiangalie mwandiko wa pete, angalia skrini: kuza taswira, au washa ile rangi inayozunguka kingo zilizo kwenye fokasi.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na kioo cha zamani. Helios inajibu yenyewe. Mpangilio wake wa vioo sita katika makundi manne umetokana na Biotar ya Carl Zeiss ya mjini Jena, kazi ya Willy Merté ya mwaka 1927, na baada ya vita kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikauendeleza. Mwanga unaoingia kutoka pembeni hukatwa mara mbili, na ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Kila nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi inabanwa ikawa nyembamba yenye ncha mbili, na ncha hizo zinajipanga kumzunguka mtu aliye katikati. Majani ya mwembe nyuma ya mgongo wake yanaanza kuzunguka. Lenzi za leo zimesahihishwa mno kuweza kufanya hivyo.

Kijana wa Muheza ana njia mbili. Ipo adapta ya Nikon yenye kioo kidogo cha kusahihisha, inayourudisha mlima, lakini hukuza picha kidogo na kuififisha hasa lenzi ikiwa wazi. Mimi nisingeinunua. Ningebaki na Nikon kwa nyuso na wadudu, mambo yaliyo ndani ya mita 3, na nikipata fedha nitafute kamera iliyotumika ya zile zisizo na kioo. Kwenye menyu yake ruhusu ipige picha bila kuitambua lenzi, la sivyo itakataa kufyatua, na kwenye mfumo wa kutuliza mtikisiko andika 58. Helios-44-2 ina pete mbili za uwazi: weka namba 5.6 kwa ya kwanza, fungua kwa ya pili ufokasi, kisha ifunge tena bila kuondoa jicho. Unyevu wa ukanda wa Tanga huleta kuvu, basi pitisha mwanga wa tochi ndani ya lenzi utazame kama kuna nyuzi nyeupe.

Adapta ijaribu mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Fungua lenzi kwenye namba 2, elekeza kwenye kitu kilicho mbali kabisa, zungusha pete polepole kuelekea mwisho. Ukali unatakiwa kuja, kisha uanze kupotea kidogo kabla pete haijagoma. Ukiona unaongezeka tu mpaka pete inagoma, na bado mbali hakujakaa sawa, bomba hilo ni refu mno. Mwambie akupe jingine.