Umati si mauzo: kupima faida ya kutangazwa bure (Sehemu ya Nne)

Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Ziwa Mashariki yamefungwa Nyakabindi, na kwa wiki nzima redio na magazeti yamewataja wajasiriamali wetu wa Simiyu bila kuwadai hata shilingi. Sehemu tatu zilizopita zilieleza namna ya kumpata mwandishi, kumwandalia maelezo na kuzungumza naye. Leo tuangalie kinachofuata, ambacho wengi hukiacha kijiendee: jina likishavuma ufanye nini, na utajuaje kama limekuletea faida?

Swali hili ni la zamani kuliko redio. Katika karne ya 19 waganga wawili wa Usukuma, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma, na wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu. Makundi hayo hukutana hadi leo katika sherehe za Bulabo kule Bujora, karibu na Kisesa, mahali Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma. Msimu wa mashindano ni baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na chakula kipo ndani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huhama watakavyo. Anayezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi wa ngoma, hutumia kila mbinu: chatu shingoni, vinyago vya mbao vinavyochezeshwa, vichekesho, nyimbo mpya za kumchoma mpinzani, na dawa ya mvuto aliyoiandaa tangu usiku. Sijui kipimo cha umaarufu kilicho wazi kuliko hicho, na inaniuma kuona vijana wetu wanasomea masoko vyuoni bila kusikia jina la Gumha hata mara moja.

Lakini Wasukuma haohao walikuwa na bugobogobo, ngoma ya jembe. Vijana waliingia shambani kwa mwenyeji wakalima kwa mdundo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Hapo mwenye shamba aliangalia eneo lililolimwa jua linapozama. Wazee wetu walijua kutenganisha vipimo viwili: uwanjani unahesabu watu, shambani unahesabu kazi. Sisi tumebaki na cha kwanza tu.

Mkoa wetu, ulioundwa mwaka 2012, ulivuma nchi nzima Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa, kwa chaki za Maswa, maziwa ya Meatu na kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja. Nyakabindi ikapewa Nane Nane ya kitaifa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Ni heshima kubwa, nami naitetea popote. Hata hivyo, ukimuuliza mwenye banda maonesho yalikwendaje, hadi leo atakujibu: "Watu walikuwa wengi." Ukimuuliza wangapi walirudi kununua, ananyamaza.

Basi tuchukulie mama anayekamua alizeti pale Somanda. Kwa kawaida anauza madumu 40 kwa wiki. Anahojiwa redioni, wiki hiyo anauza 110, kisha 70, kisha 52, kisha 46. Kwa wiki nne ameuza 278 badala ya 160, yaani nyongeza ya madumu 118. Kila dumu likimwachia shilingi 4,000, amepata 472,000. Atoe nauli, mafuta aliyowaonjesha watu na siku alizofunga duka, tuseme 150,000. Zinabaki 322,000. Wiki ile ya 110 ndiyo atakayosimulia, lakini mwenye kujua biashara ataangalia yale madumu sita yaliyobaki juu ya kawaida katika wiki ya nne. Wanaoyanunua hayo ndio wateja aliowapata kweli.

Tena asijipongeze mapema. Nane Nane huangukia kipindi ambacho fedha za pamba bado zimo mikononi mwa watu, na Bariadi nzima hununua. Alinganishe na Agosti ya mwaka jana, au na mauzo yake ya mashudu, ambayo hayakutajwa redioni. Nayo yakiwa yamepanda vilevile, sifa ni ya pamba.

Kuhusu maandalizi nitasema machache kwa kuwa nafasi imekwisha. Namba iliyotajwa hewani ipokelewe, hata usiku. Mzigo uwepo stoo kabla ya kipindi kurushwa, na ukiahidi dumu Jumatano, lifike Jumatano. Kumtangazia mtu kitu usichonacho ni kumdanganya. Nembo ya TBS ifuatiliwe mapema kwa barua ya utambulisho kutoka SIDO, maana mwenye duka la jumla wa Mwanza atakayekupigia ataiuliza kabla ya bei. Kila mteja mpya aulizwe alikusikia wapi, na jibu liandikwe kwenye kauntabuku pamoja na tarehe na alichonunua.

Nawaomba maafisa biashara wa halmashauri zetu zote: mwakani, kabla ya kumpa mtu banda Nyakabindi, mwombeni awaonyeshe kauntabuku ya mwaka huu.